Anza na kisigino, kitabu baadaye: kusoma fasihi ya Marekani iliyolelewa na jazi

"Mwalimu, huyu anaimba, wewe unamsomea risala." Aliyeniambia hivyo ni mzee mmoja aliyepiga besi miaka mingi katika bendi za dansi hapa Tanga. Alinikuta barazani nikiandaa somo la shairi la Langston Hughes, "The Weary Blues". Akakaa, akaanza kugonga kisigino sakafuni, taratibu, nne nne. "Haya, soma sasa." Nikasoma nikifuata kisigino chake, na shairi nililolifundisha miaka mitatu nikaanza kulielewa siku ile. Tangu hapo ndivyo ninavyofundisha kidato cha tano na cha sita, na nawe nakuomba uanze hivyo.

Jifunze kwanza ubeti wa bluzi, nyimbo za majonzi za Wamarekani weusi, maana ndimo jazi ilimochota. Mshororo wa kwanza unalalamika, wa pili unarudia lalamiko, wa tatu unalijibu. Kila mshororo una baa 4 (baa ni kipimo cha mapigo ya muziki), kila baa mapigo 4. Ubeti mzima ni baa 12. Lakini mwimbaji hajazi nafasi yote. Sauti huchukua karibu nusu, nusu iliyobaki ni ya piano au gitaa kuitikia. Mimi huwapa wanafunzi huu:

Mvua imenikuta njiani, mwavuli nimeacha kwa shangazi,
Nasema mvua imenikuta njiani, mwavuli nimeacha kwa shangazi,
Ningemsikiliza mama, nisingelowa mavazi.

Mmoja aimbe, mwingine agonge dawati. Baada ya kila mshororo mwimbaji anyamaze, dawati lijibu. Vijana hukimbilia kuujaza ule ukimya, wazuie. Sisi tuliokulia kwenye ngoma na kiitikio tunaijua kazi yake.

Sasa fungua Hughes. Shairi lilichapishwa 1925, na mwaka uliofuata likakipa jina kitabu chake cha kwanza. Mpiga piano mweusi yuko Lenox Avenue, Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, usiku, kwenye mwanga hafifu wa taa ya gesi. Lisome kwa sauti ukigonga mguu. Utaona msimulizi anavuta maneno, anayumba pamoja na mpigaji, halafu ghafla linakuja neno "thump" mara tatu mfululizo: ni mguu wa mpigaji sakafuni. Tazama pia wimbo wa pili ndani ya shairi. Kwenye karatasi una mistari sita, lakini kwa sikio ni ile mishororo mitatu uliyoizoea, kila mmoja umekatwa katikati. Hughes alieleza kwamba ndani ya shairi hili aliweka ubeti wa kwanza wa bluzi aliowahi kuusikia, akiwa mtoto huko Lawrence, Kansas.

Usipite hapo haraka. Wakati ule wapo wasomi weusi walioona bluzi ni aibu, mambo ya vilabuni. Hughes aliyachukua maneno ya watu wa kazi jinsi wanavyoyatamka, akayaweka kitabuni bila kuyasafisha, na mwaka 1926 akaandika makala katika jarida la The Nation kutetea haki ya msanii mweusi kufanya hivyo. Kwangu, huo ndio mchango mkubwa kuliko yote ambao muziki huu uliipa fasihi ya Marekani.

Kwa Ralph Ellison, sikiliza kwanza mwanajazi Louis Armstrong akiimba "Black and Blue", rekodi ya 1929, kisha usome utangulizi wa riwaya ya Ellison, "Invisible Man" (1952). Msimulizi anaishi chini ya ardhi na balbu 1,369. Ana gramafoni moja, anatamani tano zipige wimbo huo kwa pamoja ili ausikie kwa mwili mzima. Ellison mwenyewe alisomea muziki na tarumbeta katika chuo cha Tuskegee, Alabama. Na kwa sisi watu wa Bahari ya Hindi: maneno ya wimbo huo ni ya Andy Razaf, ambaye baba yake alitoka katika ukoo wa kifalme wa Madagaska.

Hadithi ya James Baldwin, "Sonny's Blues" ya 1957, itengee jioni nzima. Msimulizi ni mwalimu wa hesabu Harlem. Mdogo wake, Sonny, ni mpiga piano aliyekamatwa kwa heroini. Usiende mwisho kabla ya wakati. Ukifika kilabuni, mtazame Creole, mpiga besi. Sonny hajagusa piano zaidi ya mwaka. Creole anamvuta kidogo kidogo atoke ufukweni aingie kwenye kina, naye yupo kumshuhudia kwamba kina si kuzama. Kisha wanapiga "Am I Blue", wimbo uliokuwa ukijulikana tangu 1929. Malenga naye hutunga kwa bahari ya zamani akasema lake; Sonny anafanya hivyo kwa vidole. Siku nilipousoma ukurasa huo darasani, kijana mmoja aliyezoea kukaa nyuma aliomba tuurudie.

Malizia na John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi. Tarehe 9 Desemba 1964 alirekodi "A Love Supreme", na ndani ya jalada la santuri akachapisha shairi la kumshukuru Mungu. Litafute shairi hilo, liweke mezani, upige sehemu ya nne, "Psalm". Hakuna anayeimba. Weka kidole kwenye neno la kwanza uifuate saksafoni silabi kwa silabi, kama unayehesabu mizani. Ukipotea, subiri "Thank you God". Maneno hayo yanarudi tena na tena. Yakirudi, rudisha kidole hapo, uendelee naye.