Umempokea mgeni kutoka kambini? Anzia kwenye bahasha

Niliingia Lexington, Kentucky, hapa Marekani, Novemba 2015 nikitokea kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, na mke wangu, watoto wanne, na ule mfuko mweupe wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, ambao kila mkimbizi ameushika kifuani uwanja wa ndege kama mtoto mchanga. Tangu hapo nimepokea familia kumi na kitu, wengi wao wetu wa Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo. Ya kwanza niliiharibu kwa mapenzi. Nilijaza fomu zao zote, niliwapigia simu zote, niliwapeleka kila mahali kwa gari langu. Mwaka mmoja baadaye, saa nne usiku, baba wa familia ile akanipigia: kuna bahasha imekuja, aifungue au aiache? Alikuwa hajaniuliza hata imeandikwa nini. Aifungue tu, ndilo lilikuwa swali.

Nilijiona mjinga. Mtu aliyelea watoto saba kambini, aliyejenga nyumba ya matofali ya udongo kwa mikono yake, mimi ndiye niliyemfundisha kuogopa karatasi. Kwa hiyo haya nawaandikia ninyi mliotangulia. Mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, lakini walioingia 2024 bado wana bahasha za kufungua, na wengine wanahamia kwetu kutoka majimbo mengine. Ya usiku wa kwanza yawekeni akiba, kwa siku mpango utakaporudi.

Usiku wa kwanza

Shirika linalowapokea litatafuta nyumba, vitanda na sufuria. Wewe leta chakula. Unga wa mahindi wa supamaketi za huku mara nyingi ni wa njano na una chenga. Ukiusonga unapata kitu kingine kabisa. Nenda duka la Waafrika, ununue unga wa muhogo, sombe (kisamvu) iliyogandishwa, ndagala (dagaa) na chupa ya mawese. Pika kwako, upeleke moto. Watu wametoka kwenye ndege tatu, matumbo yamevurugika, na watoto hawajui kama hapa ni mchana au usiku.

Usihutubie. Usiku huo hakuna atakayekumbuka neno. Onyesha mambo manne tu: jiko, maji ya moto, hita, na mlango unavyofungwa kwa ndani. Jiko la kioo litazame kwa makini, maana halina mwali. Limezimwa lakini bado linaunguza, na mtoto anaweka kiganja juu yake kama meza. Mama aliwashe na kulizima mwenyewe mara tatu, wewe ukiwa umeweka mikono mfukoni. Hiyo mikono mfukoni ndiyo shida yangu mpaka leo.

King'ora cha moshi kitalia mara mafuta yakianza kutoa moshi kwenye kikaango. Waambie mapema wafungue dirisha na kupunga taulo chini yake. Nyumba moja nilikikuta kimefungwa kwenye blanketi ndani ya kabati, kinaendelea kulia kwa sauti ya kuzibwa, na bibi amekaa mbali nacho akikitazama kama nyoka.

Namba ya dharura, 911, ifundishe kesho yake, na ifundishe pamoja na anwani. Kitu cha kwanza kutamka ni mahali ulipo, halafu neno "Swahili". Simu isikatwe. Anwani iandikwe kwa herufi kubwa, ibandikwe karibu na mlango.

Neno "yes"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili limeumiza watu wengi kuliko baridi.

Sisi tumelelewa kumjibu mkubwa kwa "ndiyo". Daktari ni mkubwa, karani wa dirishani ni mkubwa, mwalimu wa mtoto ni mkubwa. Mgeni akiulizwa kama ameelewa, anatikisa kichwa, anatabasamu, "yes, yes." Si uongo, ni heshima. Lakini Mmarekani anaandika alichosikia.

Nilimsindikiza kijana mmoja kuchukua leseni. Karani alikuwa anauliza haraka haraka, macho kwenye kompyuta: anwani ni hii? Yes. Macho ya kahawia? Yes. Unataka kujiandikisha kupiga kura? Kijana alikuwa ameshafungua mdomo. Nilimkanyaga mguu. Asiye raia akijiandikisha kupiga kura, hata kwa kutoelewa, jambo hilo linaweza kumfungia mlango wa uraia, au kumfukuzisha nchini kabisa. Karani hakuwa na ubaya. Swali lile yeye humuuliza kila mtu.

Kwa hiyo somo langu la kwanza la Kiingereza si salamu. Ni "No", na "Swahili interpreter, please". Tunafanya mazoezi sebuleni: mimi nakuwa karani, naongea upesi kwa makusudi, na mgeni lazima anikatishe. Wazee wanacheka sana, wanaona ni utovu wa adabu. Tunarudia mpaka kicheko kiishe.

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuleta mkalimani bila malipo, mara nyingi kwa simu au kwenye skrini. Mgeni asikubali mtoto wake wa miaka kumi ndiye atafsiri habari za tumbo la mama yake. Na mkalimani akiwa wa Mombasa, mgonjwa wa Fizi akaona maneno yanampita, aseme. Kiswahili chetu ni ndugu, si mapacha.

Sanduku la barua

Kambini tangazo lilikuja kwa kipaza sauti au likabandikwa ubaoni, na usipolisikia jirani alikuambia. Marekani inakuandikia barua, moja, kwa jina lako, na siku zikipita imekula kwako. Siku ya pili baada ya kufika, mtembeze mgeni mpaka sandukuni na ufunguo akiushika yeye.

Bahasha zimwage mezani. Zenye rangi nyingi na picha za piza ni takataka. Nyeupe zenye kidirisha cha plastiki zifunguliwe zote. Kadi ya namba ya soshali (Social Security) huja kwenye bahasha ya kawaida kabisa isiyo na mbwembwe. Nimeshachokora pipa la taka na baba mmoja kutafuta kadi sita za familia yake. Tulipata tano. Ikipatikana isibebwe mfukoni, ikae nyumbani pamoja na I-94, ile hati ya kuingilia nchini.

Kabla karatasi nyingine yoyote haijatoka, linganisheni majina na tarehe kwenye I-94, herufi kwa herufi. Kosa lililoko pale litanakiliwa shuleni, benki na kwenye leseni. Kwetu mume, mke na watoto kila mmoja anaweza kuwa na jina lake, na fomu za huku zinataka jina la ukoo. Usiwe mjuaji ukawapanga upya ili wafanane. Andika kama I-94 ilivyoandika. Kama imekosea, ombeni marekebisho rasmi kwanza. Na usishangae baba, mama na shangazi wote kuzaliwa tarehe 1 Januari. Ndivyo tulivyoandikwa.

Kwenye mlango wa friji nabandika karatasi moja, mgeni mwenyewe akiandika tarehe kwa mkono wake. Akihama nyumba, ana siku 10 kuwajulisha watu wa uhamiaji kwa fomu AR-11. Kuwaambia posta peke yake hakutoshi. Akitimiza mwaka mmoja tangu kufika, anaomba grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu. Miaka mitano, uraia, na kwa aliyeingia kama mkimbizi miaka hiyo huhesabiwa tangu siku aliyofika, si siku aliyopata kadi. Sheria za uhamiaji zimekuwa zikibadilika mno siku hizi, kwa hiyo kabla ya kutuma chochote aonane na mwanasheria wa uhamiaji au shirika lenye kibali. Asionane na yule ndugu anayejaza fomu kwenye gari kwa dola hamsini. Najua ni ndugu yetu. Ndiyo maana nasema.

Kuna bahasha moja ambayo huleta ugomvi ndani ya nyumba: deni la tiketi za ndege. Wengi walisaini kabla ya kuondoka bila kujua wamesaini nini, na inapokuja miezi kadhaa baadaye wanadhani ni utapeli. Si utapeli. Ni mkopo wa IOM, hauna riba, na hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Mwambie alipe kwa wakati hata kama ni kidogo, kwa sababu malipo hayo yanajenga alama zake za mkopo, zile zinazokwenda kuanzia 300 mpaka 850, ambazo mwenye nyumba na muuza magari watazitazama kabla ya kumtazama usoni. Akishindwa mwezi fulani, apige simu kuomba apunguziwe. Kunyamaza ndiko kunakomharibia.

Utapeli wenyewe huja kwa simu: mtu mkali anayesema ni ofisi ya kodi au uhamiaji, na kwamba ulipe sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani. Hakuna ofisi ya serikali inayolipwa kwa kadi za zawadi. Akate simu.

Basi, baridi na mengine ya njiani

Safari ya kwanza ya basi nakaa naye kiti kimoja. Ya pili yeye anatangulia, mimi nyuma, hata akipita kituo nanyamaza mpaka agundue. Ya tatu niko nyumbani na simu. Kumbuka waliozoea Tanzania hutazama upande usio na gari wanapovuka. Hapa magari yanakwenda kulia.

Baridi hupona kwa koti. Ila hita isizimwe kabisa mkiondoka. Januari yetu ya kwanza tulikwenda Louisville siku mbili, nikazima ili kuokoa pesa. Tulirudi tukakuta bomba la jikoni limepasuka na zulia linaelea. Mwenye nyumba alitutoza ukarabati, na nilikuwa sijasoma mkataba kuona kama ana haki. Tangu hapo mkataba wa nyumba nausoma na mgeni mstari kwa mstari, pamoja na mkalimani: ni miezi mingapi, ukitoka mapema unalipa nini, watu wangapi wanaruhusiwa kulala.

Kazi na pesa

Neno letu "kodi" linawachanganya watu: moja ni ya nyumba, nyingine ni ya serikali. Nazitaja kila mara kwa majina kamili. Hundi ya kwanza ya mshahara nailaza mezani tunaichambua: saa ulizofanya, kilichokatwa, kilichobaki. Saa zinazozidi 40 kwa wiki, kwa kazi nyingi za vibarua, hulipwa mara moja na nusu. Mgeni azihesabu mwenyewe kwenye daftari. Karatasi ya W-2, ile ya mshahara na makato ya mwaka mzima, inapaswa kutumwa na mwajiri kufikia 31 Januari, na hesabu za kodi ya serikali hufungwa 15 Aprili. Vituo vya VITA, vya watu wa kujitolea wanaosaidia hesabu za kodi, vinajaza bure kwa wenye kipato cha chini. Asiyeweza kufika kazini apige simu kabla ya zamu. Kwetu ukiumwa watu wanaona haupo wanaelewa. Huku siku mbili bila simu, kazi imekwenda.

Sasa hili la kutuma pesa. Hakuna afisa atakayelizungumza naye, na ndilo linalovunja familia. Wiki ya kwanza tu, kabla hajapata kazi, simu zinaanza kutoka Nyarugusu, Bujumbura, Uvira: mgonjwa, ada, msiba. Mume anatuma kwa siri kwa kwao, mke kwa siri kwa kwao, na mwezi ukiisha kodi ya nyumba haitoshi. Mimi huwakalisha wote wawili na daftari. Wakubaliane kiasi kimoja kwa mwezi, kidogo, kinachotoka baada ya nyumba na umeme kulipwa, na zamu: mwezi huu kwa mama, ujao kwa baba. Halafu wapige picha hundi ile iliyochambuliwa na kumtumia kaka mkubwa kule. Dola zikiwa hazijakatwa zinaonekana nyingi. Kaka akiona ya nyumba na ya umeme zimeondoka, wengi hutulia. Si wote. Mjomba wangu mimi hajatulia tangu 2016.

Kujitoa

Mgeni akinipigia kuhusu barua siku hizi, siendi. Namuuliza matatu: nani ameandika, tarehe ipi, kiasi gani. Asiyejua kusoma Kiingereza ananisomea herufi. Yule baba wa familia ya kwanza tulianza naye upya hivyo, mwaka wa pili. Jioni nzima kwenye simu: "Kuna D. Halafu U. Halafu E." Nikamwambia hilo neno ukiliona, tazama tarehe iliyo karibu nalo, hiyo ndiyo mwisho wa kulipa. Akanyamaza. Nikasikia karatasi zikipekuliwa, moja, nyingine, nyingine tena. "Mzee," akasema, "liko kwenye zote."

Siku hizi hunipigia Jumapili baada ya ibada, kuuliza kama ndagala wamefika dukani.