Jinsi ya Kupima Kiwango cha Kurudia Uhalifu kwa Waliotoka Gerezani Malindi na Lamu

Kabla ya kuhesabu chochote, amua ni tukio gani utakaloliita kurudia uhalifu. Tuseme watu 50 wameachiliwa kutoka Gereza la Malindi, na katika miaka miwili 20 kati yao wamekamatwa tena, 12 wametiwa hatiani na 8 wamefungwa. Kiwango chaweza kuwa asilimia 40, 24 au 16, na zote ni hesabu sahihi. Kukamatwa hakuthibitishi kosa, na simu ikipotea sokoni, kijana aliyewahi kufungwa ndiye anayetafutwa kwanza. Kwa hiyo napendelea kuhesabu hukumu, tena kwa kosa lililotendwa baada ya kuachiliwa, si kesi ya zamani iliyochelewa kusikizwa.

Kisha weka muda. Nchini Marekani, katika ufuatiliaji wa walioachiliwa mwaka 2005 kwenye majimbo 30, takriban asilimia 68 walikamatwa tena katika miaka 3, na asilimia 83 katika miaka 9. Uingereza na Wales huhesabu makosa yaliyotendwa ndani ya mwaka 1, huongeza miezi 6 ili kesi zimalizike, na hukubali kuwa uthibitisho hukumu ya mahakama au onyo rasmi la polisi. Takwimu za nchi hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, na ukipima kwetu, ambako kesi huahirishwa mara kwa mara, acha nafasi ya kungoja inayozidi hiyo miezi 6.

Kazi ngumu zaidi ni kumtambua mtu yuleyule. Aliyetoka Gereza la Hindi, Lamu, huenda akahukumiwa Mombasa, na Athman wa daftari la kwanza akaandikwa Othman katika la pili, jina la babu likiachwa kabisa. Usitegemee jina peke yake: linganisha nambari ya kitambulisho na, pale unaporuhusiwa, rekodi ya alama za vidole. Usipofanya hivyo, kila aliyehama atahesabiwa kuwa ametengenea, na hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa litasifu mpango wa kuwarekebisha wafungwa usiomsaidia mtu. Waliofariki waondoe katika hesabu, nawe uandike ni wangapi.

Jihadhari pia na swali linalofanana na hili lakini silo: wangapi kati ya wafungwa wa leo wamewahi kufungwa? Wanaorudi mara nyingi hukutwa gerezani kila unapohesabu, ilhali aliyefungwa mara moja akarudi kwenye mashua yake haonekani tena. Anza na walioachiliwa, uwafuate mbele.

Unapochapisha, andika maelezo yote katika sentensi moja pamoja na tarakimu: "Kati ya watu 50 walioachiliwa, 12 walitiwa hatiani kwa kosa jipya lililotendwa ndani ya miaka miwili."