Somo: Kujikinga na mchele katika matembezi ya usiku Malindi

Kuwekewa mchele, yaani kutiliwa dawa kinywajini kwa siri, huwapata wanawake kwa wanaume, na wanaume wengi huzinduka simu na fedha zao zikiwa zimekwenda. Dawa zenyewe mara nyingi ni vidonge vya usingizi vya jamii ya benzodiazepini, kama ile iitwayo bugizi hapa Pwani, ingawa pombe kali iliyoongezwa kisirisiri katika soda hutenda kazi hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: kabla ya kutoka, kubalianeni nani atarudi na nani, na kwa tuktuk ya dereva gani.

Hatua ya pili: chupa yako ifunguliwe mbele yako. Kinywaji kilichobaki bila mtu kisinywewe tena, hata kama kilikugharimu, kwa sababu ladha na rangi haziaminiki.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza. Dalili huanza mara nyingi ndani ya dakika 15 hadi 30: ulimi mzito, kizunguzungu, na kuyumba kusikolingana na kiasi alichokunywa mtu. Aliyetiliwa dawa huwa hajitambui, kwa hiyo anayeziona kwanza ni mwenzake, naye hapaswi kumwacha peke yake wala kumkabidhi kwa mfadhili mliyejuana naye usiku huohuo. Akisinzia, mlazeni ubavu asije akapaliwa na matapishi. Kahawa haiondoi dawa. Asipoamka, au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitalini mara moja, au pigeni 999 au 112.

Hatua ya nne: hifadhini mkojo wake wa mapema katika chombo safi ili upimwe, kwani baadhi ya dawa hutoweka mwilini ndani ya saa 12 tu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi sinywi pombe. Je, linanihusu?
Linakuhusu, ndugu yangu. Juisi ya ukwaju hutiliwa dawa kama bia.

Ikiwa mtu amebakwa, aanzie polisi au hospitalini?
Aanzie hospitalini, bila kuoga wala kufua nguo, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72. Ushauri hutolewa bila malipo kupitia nambari ya simu 1195.

Polisi wakiniuliza nilifuata nini klabuni?
Waeleze yaliyotokea, dada. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inamshtaki aliyekutilia dawa kwa nia ya kukuingilia. Kwenda klabuni si kosa.