Umekulia kwenye kahawa na unataka kuingia bodi ya AMCOS? Anzia hapa

Hii naandika kwa vijana wa Kilimanjaro hasa, wale ambao babu alilima kahawa, baba akalima, na sasa wao ndo wanapruni na kupiga dawa, ila siku ya mkutano wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, wanakaa nyuma kabisa wanachezea simu. Ushirika kwetu ni wa zamani sana, chama cha wakulima wa kahawa wenyeji kilianza 1925 afu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikaja 1933, kwa hiyo koo nyingi zina mzee aliyewahi kuwa mjumbe. Jina la ukoo litafanya wakusikilize, kura ni habari nyingine.

Kwanza kabisa, wewe ni mwanachama au ni mtoto wa mwanachama? Hapa ndo wengi wanakwama. Unakuta jamaa ni mtu mzima na familia yake, kihamba, lile shamba la ukoo la nyumbani, anakihudumia mwenyewe mwaka mzima, ila kwenye rejista kuna jina la babu aliyeshafariki na kahawa bado inapokelewa kwa jina hilohilo. Sasa utagombea na uanachama wa marehemu? Nenda ofisini uliza mzee alimwandika nani kuwa mrithi wa hisa zake, kama ni wewe fuatilia, kama ni baba mdogo usianzishe vita, lipa kiingilio nunua hisa zako ingia kwa jina lako. Mzee akiwa hai ndo rahisi zaidi, kaeni muelewane mapema akukatie hata kipande, upeleke kahawa kwa jina lako na stakabadhi uzitunze, maana siku ya uchaguzi hakosekani wa kuuliza "huyu naye analeta kilo ngapi?" Na dada zetu na wake zetu msijitoe, vihamba vinarithiwa na wanaume lakini anayechuma na kuanika tunamjua, someni masharti ya chama yanasemaje kuhusu umiliki wa shamba.

Masharti yenyewe omba nakala usome yote, hata kama ukurasa wa tatu tu unasinzia. Humo ndo kuna sifa za wagombea, ukomo wa muda na mambo ya akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali.

Afu jifunze hesabu, hapa ndo utaonekana wa maana. Mfano mmoja: kahawa ya maganda ikishakobolewa inabaki safi kama asilimia 80 hivi. Kwa hiyo ghala likipokea kilo 10,000 za maganda, utegemee safi karibu 8,000. Taarifa ikisomwa 7,000 nyoosha mkono, inawezekana kahawa haikukauka vizuri au ilikuwa na mbovu nyingi, inawezekana pia ni mzani, we uliza tu. Uliza na taarifa ya mkaguzi wa COASCO, shirika la serikali la kukagua hesabu za ushirika, imesemaje na hoja za mwaka jana zimejibiwa lini.

Ila namna ya kuuliza nayo ina adabu zake. Usisimame mara ya kwanza ukaanza "wazee mmekula hela", utazomewa na hutasikilizwa tena. Wapitie nyumbani kwanza, shikamoo, kaa, sikiliza hadithi za enzi serikali ilipofuta vyama vya ushirika 1976, ni ndefu lakini humo utajua nani hapatani na nani na kwa nini.

Shamba lako nalo liwe linaongea. Kama bado una mibuni ya babu imejaa chulebuni na kutu ya majani, chukua miche ya TaCRI, ile taasisi ya utafiti wa kahawa, inayovumilia hayo magonjwa, panda hata mistari michache majirani waje kuona.

Ukishapita, watakaokusumbua ni ndugu zako mwenyewe. Kaka akiuza kahawa usiku kwa walanguzi wewe utawaambia nini wanachama? Ongea naye kabla ya msimu. Na ikija ajenda ya mkopo wa pembejeo wa shangazi au zabuni ya gari la binamu, sema wazi kuwa ni ndugu yako, toka nje, na hakikisha katibu ameandika kwenye muhtasari kwamba ulitoka.