Buibui, Maji na Taa za Tokyo

Dada yangu, ukifika Tokyo usiikose teamLab Planets, makumbusho ya sanaa ya taa kule mtaa wa Toyosu. Kata tiketi mapema mtandaoni, uchague na saa ya kuingia. Chini ya buibui vaa suruali inayokunjika hadi gotini: viatu huvuliwa, na chumba kimoja kina maji ya magoti. Pandisha buibui kama tunavyoshuka mashuani Lamu maji yakipwa. Hapo simama, usiharakishe. Taa huchora samaki juu ya maji. Mmoja alinijia taratibu, akanigusa mguu, akageuka maua. Nilitamani mamangu aone! Simu itie mfukoni kwanza. Kwingine sakafu ni kioo cha kujitazamia, kwa hiyo ile suruali ni sitara pia.