SOMO: Jinsi ya kucheza Jetpac (1983) kutoka sayari ya kwanza hadi ya nne

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara anatokea mtu anayetaka kuonja gemu za zamani za anga, zile ambazo unapiga risasi huku unaruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, na anauliza aanzie wapi. Jibu langu ni Jetpac. Ilitoka mwaka 1983 kwa ajili ya kompyuta ya ZX Spectrum, na walioitengeneza ni Ultimate Play the Game, kampuni ya akina Stamper, Tim na Chris, katika mji wa Ashby-de-la-Zouch huko Uingereza. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Rare.

Gemu nzima iliingia kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na karibu 7 kati ya hizo zinaliwa na skrini yenyewe. Sayari, roketi, adui, sauti, vyote vimebanwa kwenye kilichobaki. Hadi leo sijaona kazi safi kama ile katika nafasi finyu kiasi kile.

Wewe ni Jetman, mtu wa kampuni ya usafirishaji wa angani. Unafika kwenye sayari, unaunga roketi, unaijaza mafuta, unapaa kwenda nyingine. Njiani unaokota dhahabu na vito vya watu.

Hatua ya 1: Jua kazi yako ni ipi

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Wanaona leza mkononi, wanaanza kuwinda adui. Adui wa Jetpac hawaishi. Ukiua mmoja, mwingine anaingia, na unaweza kukaa hapo hadi asubuhi bila kuondoka kwenye sayari. Kazi yako ni kubeba mizigo. Leza inakufungulia njia tu.

Na hakuna saa inayokukimbiza. Adui hawaharibu roketi pia. Kwa hiyo ukiona njia ya kwenda kwenye mzigo imejaa, tulia, pitisha kundi, kisha nenda.

Hatua ya 2: Vidole

Kibodi ya Spectrum imegawanywa kwa safu. Herufi za chini ni kushoto na kulia, safu ya katikati kupiga leza, safu ya juu yake kupaa, na namba ni kuelea, yaani kubaki pale pale hewani. Kuelea kunasahauliwa sana, na ni silaha kubwa: unasimama kwenye kimo cha adui anayekuja, unampiga, unaendelea na safari.

Hatua ya 3: Unga roketi

Kitako cha roketi kiko chini. Vipande viwili viko juu ya majukwaa. Anza na cha katikati, kisha kichwa. Huhitaji kubonyeza chochote: ukikigusa unakibeba, ukipita juu ya kitako kinashuka chenyewe.

Hatua ya 4: Mafuta, na hapa ndipo gemu ilipo

Unahitaji mitungi sita. Inadondoka kutoka juu mmoja mmoja, mahali popote: chini, au juu ya jukwaa. Kila ukipeleka mmoja, rangi ya roketi inabadilika kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo unaona kwa macho umebakiza kiasi gani. Ikijaa inaanza kuwaka na kuzima. Ingia, inapaa.

Sasa sikilizeni vizuri. Skrini ya Jetpac haina ukuta kushoto wala kulia. Ukitokea nje kulia, unaingia kushoto. Mzigo ulioko mbali upande wa kushoto unaweza kuwa karibu sana ukipitia kulia. Kabla hujaondoka ulipo, pima njia zote mbili. Mtu akiizoea tabia hii moja tu, mchezo wake wote unabadilika. Lakini kumbuka adui nao wanapita huko huko, kwa hiyo usikae kwenye ukingo wa skrini, maana unaweza kuvaana na adui anayeingia kabla hujamwona.

Jambo la pili: huna haja ya kutua kwenye roketi. Pita juu yake ukiwa kwenye mwendo, mtungi unashuka, wewe unaendelea kuelekea pale unapodhani mwingine utadondoka. Anayetua kila safari anaanza kupaa upya kila safari, na ule muda wa kupaa polepole ndio adui wanaokupata.

Kuhusu dhahabu na vito: kila kimoja ni pointi 250, wakati mtungi wa mafuta ni 100. Okota kilicho njiani. Kilicho katikati ya kundi la adui kiache.

Hatua ya 5: Soma adui wa kila sayari

Sayari ya kwanza ni vimondo. Vinakuja kwa mshazari na kupasuka vikigonga jukwaa au ardhi, hivyo jukwaa lililo juu ya kichwa chako ni paa. Sayari ya pili adui wanadunda, paa hilo halikusaidii tena: piga ukiwa mbali. Ya nne ni vyombo vya kivita vinavyokaa pembeni kisha vinakurukia ghafla, na hapo kukaa kimo kimoja muda mrefu ni kifo.

Kwenye sayari ya pili, ya tatu na ya nne roketi imeshaungwa, unajaza mafuta tu. Ya tano unapewa roketi mpya ya kuunga.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi sina Spectrum wala sijawahi kuiona. Naipata wapi kihalali?*

Njia nyoofu ni Rare Replay ya Xbox One, ya mwaka 2015, yenye gemu 30 za Rare, na Jetpac ni mojawapo. Ina uwezo wa kurudisha nyuma ukifa, mzuri sana kwa kujifunzia sayari ya nne.

*Shukrani kwa somo. Mbona Jetman akipita karibu na jukwaa rangi zinachanganyikana? Ni TV yangu?*

TV yako nzima, dada. Spectrum inagawa skrini kwenye vyumba vya nukta 8 kwa 8, na kila chumba kinaruhusiwa rangi mbili tu. Vitu viwili vyenye rangi tofauti vikiingia chumba kimoja, lazima kimoja kivae rangi ya mwenzake.

*Kaka, mimi nimekwama na Jetpac iliyowekwa ndani ya Donkey Kong 64, gemu nyingine ya Rare. Wanataka pointi 5000 ndipo nipewe sarafu ya Rareware, na bila sarafu gemu haiishi.*

Fanya hesabu. Mitungi sita ni 600 kwa kila sayari, na vipande viwili vya mwanzo ni 200. Sayari nne tayari ni 2600, bado hujahesabu adui wala vito. Vito vitano tu ni 1250. Kwa hiyo usihangaike kuua: cheza kwa usalama, fika ya nne ukiwa na uhai mwingi, na okota vito kwenye sayari ya kwanza ambako vimondo ni vyepesi. Mtungi wa mwisho uache ulale hadi uridhike na pointi, kwa sababu roketi haiondoki bila wewe.

*Kuna muendelezo?*

Lunar Jetman, mwaka ule ule wa 1983, kuna gari la mwezini na kambi za adui za kulipua. Ni ngumu kweli kweli. Solar Jetman ya 1990 ni ya NES, mashine ya gemu ya Nintendo, na humo unapigana na mvutano wa sayari kuliko adui. Jetpac Refuelled ya 2007 ni hii hii kwa sura mpya. Ukimaliza somo hili, nenda Solar Jetman.