Jinsi ya Kuhesabu Mistari, Pembetatu na Bapa kutokana na Nukta

Wengi hukariri kanuni za kuhesabu mistari na pembetatu, halafu swali likigeuzwa kidogo tu wanakwama. Mimi huwaanzisha wanafunzi kwa swali moja: je, kuna nukta tatu au zaidi zilizo kwenye mstari mmoja? Lijibu hilo kabla hujagusa kanuni yoyote. Sasa chukua karatasi, penseli na rula.

Hatua ya 1: Nukta mbili

Weka nukta A. Mistari inayoweza kupita hapo haina idadi. Weka na B pembeni yake: sasa mstari mnyoofu unaopita zote mbili ni mmoja tu. Euclid, aliyefundisha Alexandria yapata mwaka 300 KK, aliliweka jambo hili mwanzoni kabisa mwa jiometri yake, na hadi leo tunaanzia hapo.

Hatua ya 2: Hesabu mistari

Weka nukta 6, tatu zozote zisiwe kwenye mstari mmoja. Kila nukta inaungana na nyingine 5, kwa hiyo 6 × 5 = 30. Lakini mstari AB ndio huohuo BA. Kila mmoja umehesabiwa mara mbili. Gawanya kwa 2, unapata mistari 15. Kwa nukta n, ni n(n − 1) ÷ 2.

Hatua ya 3: Pima nukta tatu

Nukta tatu zikiwa kwenye mstari mmoja, hakuna pembetatu. Usiamini macho, tumia mteremko, yaani kiasi unachopanda ukigawanya kwa kiasi unachokwenda kulia. Chukua A(1, 2), B(3, 6) na C(4, 9). Kutoka A hadi B tunapanda 4 na kwenda kulia 2, mteremko ni 2. Kutoka B hadi C tunapanda 3 na kwenda kulia 1, mteremko ni 3. Imetofautiana, basi pembetatu ipo. Ishushe C hadi (4, 8) urudie: mteremko ni 2 kote, na pembetatu imetoweka. Tofauti ni kipimo kimoja tu, na kwenye mchoro wa haraka huwezi kuiona.

Hatua ya 4: Hesabu pembetatu

Turudi kwenye zile nukta 6. Kona ya kwanza ina chaguo 6, ya pili 5, ya tatu 4: jumla 120. Lakini ABC, ACB, BAC, BCA, CAB na CBA ni pembetatu ileile, basi gawanya kwa 6. Zinabaki 20.

Sasa tuseme nukta 4 kati ya hizo 6 zimo kwenye mstari mmoja, na hakuna tatu nyingine zilizojipanga hivyo. Nukta hizo 4 zingetoa mistari 6, lakini zimetoa mmoja tu: 15 − 6 + 1 = 10. Hiyo +1 ndiyo husahauliwa sana, nami huisisitiza kila mara, kwa sababu mstari wenyewe bado upo! Kwa pembetatu hakuna cha kurudisha: nukta 4 zingetoa pembetatu 4, zote zimepotea, hivyo 20 − 4 = 16.

Hatua ya 5: Ingia kwenye bapa

Bapa ni uso ulionyooka, usio na mwisho. Nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja hutoa bapa moja tu; ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Mstari na nukta iliyo nje yake hutoa bapa moja pia, na vivyo hivyo mistari miwili inayokatana.

Nukta ya nne ndiyo yenye kazi, maana inaweza kuwa kwenye bapa hilohilo au nje yake. Tazama mchemraba. Una kona 8, na hakuna kona tatu zilizo kwenye mstari mmoja, hivyo pembetatu ni 8 × 7 × 6 ÷ 6 = 56. Je, bapa nazo ni 56? La. Nyuso 6 zina kona nne kila moja. Bapa 6 nyingine hukata mchemraba kimshazari, nazo hupita kona nne nne. Zilizobaki ni bapa 8, kila moja ikikata kona moja na kupita tatu zilizo jirani nayo. Jumla ni 20.

Hakiki: kona nne hutoa pembetatu 4, hivyo 12 × 4 = 48, ongeza zile 8, unapata 56.